Ndege za Kukodi na Chakula cha Msaada: Kutoka Nyika ya Taita hadi Lokichoggio

Usafiri wa ndege wa misaada ya kibinadamu ni biashara ya kukodi. Umoja wa Mataifa na mashirika mengi ya misaada hayana ndege zake yenyewe. Ndege zinazobeba unga, chanjo, mahema na wafanyakazi wake ni mali ya kampuni binafsi, nazo hukodishwa pamoja na marubani, mafundi na bima. Rangi nyeupe na herufi kubwa za buluu ubavuni hupakwa mkataba ukianza na hufutwa ukiisha. Ndiyo maana historia ya kazi hii husomeka vizuri zaidi katika zabuni, vibali na stakabadhi za mafuta kuliko katika sifa za marubani, ingawa marubani hodari hawakukosekana. Katika Afrika Mashariki jina linalotajwa kwanza ni Lokichoggio, mji mdogo wa Turkana ulio kilomita 30 hivi kutoka mpaka wa Sudan, upande ambao sasa ni nchi ya Sudan Kusini. Lakini Lokichoggio ilikuwa mwisho wa njia ndefu iliyoanzia bandari ya Mombasa na kupanda nyika ya Taita kupitia Maungu na Voi, na bila njia hiyo ya chini hakuna ndege ya msaada ambayo ingeruka.

Katika vijiji vya Mata, huko Taveta karibu na mpaka wa Tanzania, chakula cha msaada ni kitu cha lori. Mwaka wa ukame mahindi hushushwa kutoka Mombasa au kutoka maghala ya serikali, hupita Voi na Mwatate, kisha huteremshwa penye chifu na wanakamati wake wenye daftari. Ndege haihitajiki, kwa sababu barabara ipo na bandari haiko mbali. Hiyo ndiyo kanuni inayofuatwa popote duniani: meli kwanza, kisha reli, kisha lori, na ndege pale tu ambapo hayo yote yameshindikana. Trela moja la barabara ya Mombasa hubeba tani 25 au zaidi, ilhali Hercules, ndege iliyosifiwa kuliko zote katika kazi hii, hubeba tani 16 hivi. Mtu akiziona ndege nyingi za chakula angani ajue kuna barabara mahali fulani iliyofungwa, ama na mvua, ama na bunduki, ama na kalamu ya mkuu wa serikali.

Nyika hiyohiyo ya Taita iliona ndege mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ila hazikuja kumlisha mtu. Wajerumani waliuteka mji wa Taveta Agosti 1914. Waingereza walianza mwaka 1915 kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na katikati ya mwaka huo ilikuwa imefika Maktau. Ndege za wanamaji wa Uingereza zililetwa Maktau baadaye mwaka huo, na mapema mwaka 1916 kikosi cha Afrika Kusini chenye ndege za B.E.2c kikaweka kambi Mbuyuni, kabla ya mashambulizi yaliyowatoa Wajerumani Taveta mwezi Machi. Kazi ya ndege hizo ilikuwa upelelezi, upigaji picha na mabomu madogo. Chakula cha jeshi kilisafiri kwa treni hadi mwisho wa reli, na kuanzia hapo kikabebwa kwa mikokoteni, kwa punda na kwa vichwa vya wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kabla vita havijaisha.

Mwaka huohuo, mbali na hapo, lilifanyika jaribio la kwanza kubwa la kulisha watu kwa ndege. Aprili 1916 jeshi la Uingereza lililozingirwa na Waturuki huko Kut, katika nchi inayoitwa Iraq leo, lilirushiwa magunia ya unga na sukari na hata jiwe la kusagia. Katika wiki mbili hivi zilifika chini ya tani 10, baadhi ya mizigo ikaangukia mtoni au mikononi mwa adui, na kikosi kikajisalimisha mwishoni mwa mwezi. Hesabu iliyoshindikana Kut ndiyo ileile iliyowasumbua wapangaji wa Lokichoggio miaka themanini baadaye: midomo mingapi, kilo ngapi kwa siku, safari ngapi, na mafuta yatatoka wapi.

Biashara ya kukodi ndege nchini Kenya ilianza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, ikibeba barua, abiria, wawindaji na wagonjwa kwa bei ya makubaliano. Kampuni ilikoma Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, ndege na marubani wake wakichukuliwa na jeshi, lakini kiwanja chake cha Nairobi kilibaki na tangu 1962 kinaitwa Wilson. Hapo ndipo pia Madaktari Warukao walipoanzia mwaka 1957, huduma iliyozaa shirika la AMREF. Kampuni ndogo zilizokua Wilson zilizoea viwanja vya vumbi, abiria wa safari za mbuga na maombi ya ghafla. Somalia ilipovunjika, nyingi kati yake ziliishi kwa kupeleka miraa kila asubuhi, biashara isiyosubiri hata saa moja. Watu wa misaada huwa hawapendi kulitaja hilo, lakini miraa ndiyo iliyowaweka kazini marubani wengi na ndege nyingi ambazo baadaye zilikodiwa kubeba dawa na maziwa ya watoto.

Mfano wa kwanza wa daraja la anga lililoendeshwa na mashirika ya misaada yenyewe ulitoka Afrika Magharibi. Vita vya Biafra, 1967 hadi 1970, vilipofunga bandari na barabara, makanisa yaliungana na kurusha chakula usiku kutoka kisiwa cha São Tomé hadi Uli, kipande cha barabara kuu kilichopanuliwa kikawa njia ya kurukia. Msalaba Mwekundu uliendesha safari zake kutoka Fernando Po na Cotonou, hadi ndege yake moja ilipotunguliwa Juni 1969. Mwanzoni makanisa yalilazimika kununua nafasi katika ndege za wafanyabiashara waliokuwa wakipeleka silaha pia. Kwa upande wa serikali ya Nigeria ilikuwa vigumu kuamini kwamba ndege iliyobeba risasi jana imebeba samaki wakavu leo. Shaka hiyo haijafutika mpaka sasa, na ndiyo sababu mikataba ya siku hizi hukataza ndege iliyokodiwa kwa msaada kubeba kitu kingine chochote, na orodha ya shehena hukaguliwa kabla ya kuruka.

Ethiopia, mwaka 1984 na 1985, iliongeza ufundi mwingine. Nyanda za juu hazikuwa na viwanja, kwa hiyo Hercules za jeshi la anga la Uingereza na ndege za Ujerumani Magharibi zilidondosha magunia zikiruka chini sana, huku helikopta za Poland zikitangulia kutafuta na kuweka alama mahali pa kudondoshea. Nchi za kambi mbili zilizokuwa zikitishiana kwa makombora zilifanya kazi katika ardhi moja. Hata hivyo ndege hizo zilikuwa za majeshi. Jeshi halitoi ankara kama ya mfanyabiashara, nalo huondoka pindi serikali yake inapochoka au inapoitwa kwingine.

Sudan ndiyo iliyogeuza kazi hii kuwa ya kudumu. Njaa ya Bahr el Ghazal ya mwaka 1988 ilikadiriwa kuua watu wapatao 250,000 wakati serikali ya Khartoum na waasi wa SPLA wakitumia chakula kama silaha. Aprili 1989 Umoja wa Mataifa, Khartoum na SPLA walikubaliana kuanzisha Operation Lifeline Sudan, mpango ulioruhusu msaada kuvuka mstari wa vita. James Grant, mkuu wa UNICEF, alikuwa mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu. Upande wa kaskazini uliendeshwa kutoka Khartoum. Upande wa kusini uliendeshwa kutoka Nairobi na Lokichoggio, UNICEF ikiratibu mashirika na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likishughulikia chakula na sehemu kubwa ya ndege. Makubaliano hayo yalikuwa mapya kabisa: serikali ilikubali kwamba wageni waingie eneo la waasi wake kutoka nchi jirani. Ilibakiza kitu kimoja tu mkononi, nacho ni haki ya kukubali au kukataa kila safari ya ndege.

Mwanzoni ndege hazikuwa nguzo ya mpango. Malori yalitoka Lokichoggio hadi Kapoeta na Torit, na upande wa kaskazini zilitumika treni na mashua za mto Nile. Hatari ilikuwepo tayari: Desemba 1989 ndege ndogo ya Madaktari Wasio na Mipaka ilitunguliwa Aweil na watu wanne waliokuwemo wakafa. Kilichoigeuza Lokichoggio kuwa mji wa ndege ni kufungwa kwa barabara. SPLA iligawanyika Agosti 1991, serikali ikaiteka Kapoeta Mei 1992, na njia ya malori ikawa ya kubahatisha. Tangu hapo chakula cha sehemu kubwa ya kusini kilipaa.

Jambo la pili lilitokea mbali, nalo halikuwa na uhusiano wowote na Sudan. Umoja wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991, na mamia ya ndege kubwa za mizigo, Antonov na Ilyushin, pamoja na marubani waliozoea viwanja vibovu, zikabaki bila serikali ya kuzilipia. Kampuni zilizoanzishwa haraka zilizikodisha kwa bei ambayo hakuna kampuni ya magharibi iliyoweza kuishindania. Hercules za kiraia nazo zilipatikana kutoka kampuni za kusini mwa Afrika. Bila soko hilo la ghafla, daraja la anga la miaka mingi lingebaki ndoto ya makaratasi.

Mombasa nayo ilipata zamu yake mwaka 1992. Somalia ilikuwa imesambaratika, na Agosti mwaka huo Marekani ilituma ndege za kijeshi katika uwanja wa Moi ili kupeleka chakula kaskazini mwa Kenya na ndani ya Somalia. Hadi Februari 1993 zilikuwa zimeruka safari zinazokaribia 2,500 na kubeba tani zipatazo 28,000. Hesabu hiyo inastahili kutazamwa mara mbili. Tani 28,000 ni shehena ya meli moja ya kawaida ya nafaka, au takriban trela elfu moja. Kwa familia iliyokuwa ikingoja Baidoa au Beledweyne, chakula kilichofika kilikuwa chakula. Lakini kwa mtu wa bandarini ilikuwa dhahiri kwamba nusu mwaka wa ngurumo angani ulilingana na meli moja ambayo ingepakuliwa Mogadishu kwa siku chache kama kungekuwa na amani gatini.

Huku ndege zikihesabiwa, mzigo wenyewe uliendelea kwenda kwa barabara. Nafaka ya Lokichoggio ilipakuliwa Mombasa, ikafungwa kwenye magunia, ikapimwa Mariakani, ikapita Maungu, mji ambao umeishi kwa madereva wanaolala njiani, kisha Voi, Nairobi, Kitale na Lodwar. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 1,300. Mafuta ya ndege yalifuata njia ya pili. Bomba la Kampuni ya Kenya Pipeline, lililoanza kazi mwaka 1978, husukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, na mojawapo ya vituo vyake vya pampu kipo Maungu. Mwaka 1994 bomba liliongezwa hadi Eldoret na Kisumu. Kutoka mwisho wa bomba malori ya matangi yalivuka jangwa la Turkana. Rubani aliyeondoka Lokichoggio saa kumi na mbili asubuhi alikuwa akitumia mafuta yaliyopita chini ya ardhi ya Taita siku kadhaa kabla, na mvua iliyokata daraja njiani ilimzuia kuruka sawasawa na marufuku ya Khartoum.

Mkataba wa kukodi ndege ya msaada ulipata umbo lake katika miaka hiyo, nao haujabadilika sana. Mkodishaji huleta ndege, marubani, mafundi, vipuri na bima. Mkodi hulipa kwa saa za kuruka, hununua mafuta, na mara nyingi hugharimia viwanja, malazi ya wafanyakazi na gharama ya kuileta ndege kutoka kwao na kuirudisha. Kiini cha mkataba ni saa za chini zilizohakikishwa, tuseme 60 au 80 kwa mwezi. Ndege ikiruka saa 20 tu kwa sababu ya mvua au vita, mkodi hulipa zote. Kifungu hicho huonekana kama upotevu kwa mkaguzi wa mahesabu aliyeko Roma au New York, lakini bila hicho hakuna kampuni ambayo ingeiacha ndege ya mamilioni ya dola ikae vumbini Turkana ikingoja kibali. Upande wa pili, ndege ikiharibika, malipo husimama, na baada ya siku zilizokubaliwa mwenye ndege hulazimika kuleta nyingine.

Ushawishi wa malipo ya saa hufahamika vizuri kwa watu wa kazi hii. Kampuni inayolipwa kwa saa haina haraka ya kupata njia fupi. Inayolipwa kwa tani ina kishawishi cha kupakia kupita kiasi na kuruka katika hali mbaya ya hewa. WFP ilichagua saa, ikaweka wasimamizi wake kiwanjani kuandika muda wa kuruka na kutua. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Saa za ziada ni fedha iliyopotea, lakini tani za ziada ni ajali.

Mashirika madogo yasiyoweza kukodi ndege nzima yaligawana. Ofisi ya uratibu ya Lokichoggio ilikusanya maombi ya wiki, ikapanga nani aende wapi, kilo ngapi na katika ndege ipi: Caravan na Twin Otter kwa viwanja vifupi, Buffalo kwa mizigo mizito zaidi. Kila mwezi orodha ya viwanja ilipelekwa Khartoum na kurudi ikiwa imekatwa majina. Mahali palipokatwa palikuwa marufuku kwa ndege zote za mpango. Hapo ndipo lilipozaliwa soko la pembeni. Mashirika yaliyokataa kujiunga na mpango, shirika la Norwegian People's Aid likiwa mojawapo, yalikodi ndege binafsi kwenda mahali pasipo na kibali, kama Milima ya Nuba, ambako mpango haukuruhusiwa kuingia kwa miaka mingi. Safari kama hizo zilikuwa ghali, kwa kuwa bima ya vita ilipanda au haikupatikana kabisa, na rubani alijua kwamba akianguka hakuna ofisi itakayomtafuta kwa jina la Umoja wa Mataifa. Hivyo kiwanja kimoja kilikuwa na sheria mbili: ndege mbili za aina moja zilijazwa mafuta ubavu kwa ubavu, moja ikienda kwa idhini ya Khartoum na nyingine kinyume chake.

Nguvu ya kibali ilionekana wazi mwaka 1998. Mwishoni mwa Januari, Kerubino Kuanyin Bol, kamanda aliyekuwa amejiunga na serikali, aligeuka na kushambulia Wau. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia mji, na Februari Khartoum ikapiga marufuku safari zote za kwenda Bahr el Ghazal. Marufuku ilipolegezwa mwishoni mwa mwezi, viwanja vichache tu viliruhusiwa, na ruhusa ya kutosha ilikuja baadaye sana kwa watu waliokuwa wamemaliza mbegu na mifugo. Katika vituo kama Ajiep watu walikufa kila siku huku ndege zikiwa zimeegeshwa, zikilipwa saa zao za chini. Wafadhili walipoona picha, fedha zilimiminika, ndege zikaongezwa hadi Lokichoggio ikawa mojawapo ya viwanja vya mizigo vyenye shughuli nyingi Afrika, na gharama iliyotajwa sana ilikuwa dola milioni 1 kwa siku. Waliokufa walikadiriwa kwa makumi ya maelfu. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ilikuwa bei ya wiki zilizopotea mwanzoni. Tani ambazo zingepelekwa taratibu Februari zilibidi kurushwa kwa pupa Julai na Agosti, tena katikati ya mvua.

Udondoshaji wenyewe ni kazi ya watu wa chini zaidi kuliko wa juu. Kikosi kidogo chenye redio hutangulia kwa ndege ndogo, hukubaliana na wazee na kamanda wa eneo, husafisha uwanja wa urefu wa kilomita moja hivi na kuuwekea alama ya msalaba kwa magunia meupe. Nafaka hufungwa katika gunia ndani ya gunia jingine, wakati mwingine matatu, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Rubani hushuka hadi mita 200 au 300, huinua pua ya ndege, na magunia huteleza yenyewe kupitia mlango wa nyuma. Aliye chini ndiye mwenye neno la mwisho: akiona ng'ombe au mtoto amevuka, husema hapana, na ndege huzunguka tena. Mahindi, mtama na maharagwe huvumilia mshindo huo. Chanjo, dawa na madumu ya mafuta ya kupikia yalihitaji ndege inayotua, na ndiyo sababu viwanja vya vumbi vilivyochimbwa kwa majembe na wanakijiji vilithaminiwa kuliko Hercules yoyote.

Lokichoggio yenyewe ilinenepa. Kambi za wafanyakazi zilijengwa, zikaja baa, karakana na maghala, na hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Lopiding, iliyofunguliwa mwaka 1987, ikapokea majeruhi wa vita walioletwa kwa ndege. Vijana wa Turkana walipata kazi za upakizi na ulinzi. Hata hivyo Turkana ilibaki mojawapo ya sehemu zenye njaa zaidi Kenya, na mchungaji aliyepoteza mbuzi wake katika ukame aliona chakula kikipandishwa ndege kwenda nchi nyingine. Maelezo ya kiofisi yalikuwa sahihi, kwamba fedha zilitolewa kwa ajili ya Sudan na ukame wa Turkana ni kazi ya serikali ya Kenya, ila usahihi wa kiofisi haukumshibisha mtu.

Usalama wa ndege ulichelewa kupata uzito wake. Shinikizo la kupata ndege haraka na kwa bei nafuu lilileta makampuni yenye usajili wa nchi za mbali na vitabu vya matengenezo visivyosomeka. Novemba 1999 ndege ya ATR 42 iliyokodiwa na WFP kutoka Roma kwenda Pristina iligonga mlima Kosovo na watu wote 24 waliokuwemo wakafa. Mei 2001 rubani msaidizi wa ndege ya Msalaba Mwekundu iliyotoka Lokichoggio aliuawa angani kwa risasi juu ya kusini mwa Sudan. Katika miaka hiyo WFP iliimarisha kitengo chake cha usalama wa ndege, na Umoja wa Mataifa ukaweka viwango vya pamoja kwa ndege zinazokodiwa kwa misaada na kulinda amani: kampuni ikaguliwe kabla ya kuandikwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutuma zabuni, marubani wawe na saa za kutosha katika aina hiyo ya ndege, muda wa kazi uwe na kikomo, na cheti cha uendeshaji kitolewe na mamlaka inayofuata kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kenya nayo iliunda Mamlaka ya Usafiri wa Anga mwaka 2002, ikachukua kazi iliyokuwa ya idara ya wizara.

Hatua ya mwisho ya kupanga kazi hii ilikuwa kuiweka chini ya mkono mmoja. Umoja wa Ulaya ulikuwa na huduma yake, ECHO Flight, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kuendeshwa kutoka Nairobi, ambayo haikuwatoza nauli wafanyakazi wa misaada waliokwenda Somalia. Kwa Umoja wa Mataifa, mashirika yalikubaliana mwaka 2003 kwamba WFP ibebe jukumu la usafiri wa anga wa kibinadamu, na mwaka 2004 ikaanza UNHAS, huduma ya anga ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa. Shirika lisilo la kiserikali sasa hununua tiketi kwa bei iliyopunguzwa na pengo hufidiwa na wafadhili. Mpango huo una udhaifu mmoja unaojirudia: fedha za wafadhili huahidiwa kwa miezi michache, ilhali mwenye ndege hutoa bei nzuri kwa mkataba wa mwaka. Ahadi ikichelewa, ndege huondolewa, na kuirudisha hulipiwa upya.

Mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini Nairobi Januari 9, 2005, na mashirika yakaanza kuhamia Juba. Lopiding ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka uliofuata. Ndege zikapungua Lokichoggio, na kazi ya Kenya ikarudi Nairobi, katika viwanja vya Wilson na Jomo Kenyatta, ambako safari za Dadaab, Kakuma na Somalia hupangwa. Njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia Julai 2011, ndege ya kwanza ya WFP ilitoka Nairobi kwenda Mogadishu ikiwa na tani 10 za chakula cha lishe kwa watoto, mzigo mwepesi na ghali uliostahili kurushwa, wakati nafaka ikifuata kwa meli. Hatari haikwisha: Mei 2020 ndege ya Kenya iliyobeba vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa Bardale, Somalia, na watu 6 waliokuwemo wakafa, kwa risasi za wanajeshi wa Ethiopia waliodhani inawashambulia.

Vita vya Sudan Kusini vilivyozuka Desemba 2013 vilirudisha udondoshaji wa chakula mwaka 2014. Safari hii ndege kubwa ziliruka zaidi kutoka Gambella nchini Ethiopia na kutoka ndani ya Sudan Kusini kwenyewe, kwa kuwa huko kulikuwa karibu zaidi na mahali palipokatika barabara. Makadirio ya WFP kwamba kudondosha huweza kugharimu mara saba ya lori yaliifanya itumie fedha kukarabati barabara na kusafirisha kwa mashua mtoni. Ukodishaji uliobaki kwa Kenya ni wa ndege ndogo na za kati: abiria, dawa, sampuli za maabara na uokoaji wa wagonjwa, kazi ambazo kampuni za Wilson zilikuwa zikizifanya tangu 1929.